Jiko Limekutangulia Kinangop

Mwanangu Mwanamisi,

Usikasirike. Najua sivyo mama anavyomwanzia mtoto anayesafiri, lakini nakujua, ukifika mstari wa tatu utakuwa umeshakunja uso. Kwa hiyo nakwambia mapema, kabla basi halijapita Miritini: jiko halipo tena nyumbani. Limeondoka leo mchana, wewe ukiwa Ziwa la Ng'ombe, ulikokwenda kumuaga bibi yako na kulala kwake. Baba yako alimpata dereva wa lori anayepeleka saruji Naivasha, mtu anayejuana naye tangu zamani, na vijana wa mtaa wakalibeba mpaka barabarani huku wakitukana kwa sauti ya chini, maana chuma kile ni kizito na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Kutoka Naivasha, dereva ameahidi kulitia katika gari la maziwa linalopanda Kinangop. Ukifika utalikuta kwenye nyumba yako ya mwalimu.

Asubuhi, tulipoagana kivukoni, ulinishika bega ukaniambia, "Mama, jiko ni lako. Wewe ndiwe upikaye kila siku. Mimi nitanunua la mafuta ya taa, na nisisikie habari nyingine." Nikanyamaza. Ukadhani nimekubali. Umri wote huu, mwanangu, hujajua tu kwamba mama yako akinyamaza ndipo wa kuogopwa? Ndiyo maana nimempa baba yako barua hii akukabidhi stendi kesho asubuhi pamoja na begi lako, wakati ambapo huwezi kushuka wala kulikimbilia lori.

Sasa ni baada ya alasiri. Nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, karatasi iko juu ya sinia niliyoipindua magotini, na mbele yangu, pale jiko lilipokuwa, sakafu imebaki nyeupe. Sitakuandikia habari za mablanketi, wala mafuta ya kujipaka, wala kula kwa wakati. Hayo baba yako amekuimbia tangu juma lililopita, na shangazi yako Mwanakombo ameongeza ya kwake. Hukuwapo jana alipokuja. Hata kuketi hakuketi.

"Mtoto ana pumu," akasema, "nanyi mwampeleka penye baridi ya kugandisha maji?"

"Amepata kazi, wifi," nikamjibu.

"Kazi gani hiyo isiyopatikana Kwale?"

"Kazi yake."

Akanitazama vizuri. "Wallahi, weye wafanya jeuri na pumzi za mwenzio."

Nilimkaribisha chai, akakataa, akaenda zake. Neno lake likabaki. Nimelala nalo na nimeamka nalo, kwa sababu shangazi yako ana mdomo lakini si mjinga. Baridi hukubana kifua, hilo tunalijua tangu ulipokuwa unatambaa. Moshi hukubana zaidi. Na huko unakokwenda watu hufunga milango na madirisha, wakakaa ndani na moto. Hapa Likoni moto ukikosea, mtu anatoka uani na upepo unamsaidia. Kule utatoka uende wapi, kwenye umande? Pumzi zako kule zitategemea jiko ulilonalo na jinsi unavyolitunza. Ndiyo sababu limekwenda. Haya mengine ninayoandika ni kukueleza yale niliyoyakosea mimi nalo, ili usinifuate.

Lilipokuja kwetu ulikuwa darasa la tatu. Baba yako alikuwa akimwendesha yule mhandisi wa maji, na mke wa mhandisi, Bi Karin, alikuwa ameambiwa huko kwao kwamba wataishi bara penye baridi. Akalipakia jiko la chuma katika kontena pamoja na vitanda na vitabu. Walipofika wakapangiwa Pwani. Jiko likakaa kwenye banda la gari, paka wao akawa anazalia ndani yake. Siku za kuondoka waliuza kila kitu, mpaka vibanio vya nguo, lakini nani Mombasa atanunua jiko la kuota moto? Bi Karin alikuwa amekuona mara moja ulipofuatana na baba yako, ukikohoa kwenye kiti cha nyuma. Akasema jiko liende kwa mtoto huyu.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. Wakasema Salimu leo kaleta jiko la kuota moto Likoni, kesho ataleta na koti la manyoya. Baba yako aliondoa makuti juu ya jikoni, akaezeka bati, akapitisha bomba, na Bi Karin mwenyewe akaja siku moja kunionyesha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini mikono yake ilijua. Alifungua juu akanionyesha kile kitu cha vitundu vidogo vidogo, kama sega la nyuki lililokauka, nasi tangu siku hiyo tukakiita sega. Akanieleza kwamba moshi ni kuni ambayo haijamaliza kuungua. Ukiupitisha katika sega likiwa na moto wa kutosha, moshi unaungua tena, na kinachotoka juu ya bomba ni joto tu. Akanionyesha na ule mkono wa pembeni: ukiuvuta, moshi unapanda moja kwa moja kwenye bomba, ukiusukuma, njia ile inafungwa na moshi unalazimika kupita kwenye sega.

Mungu amlipe huko aliko. Joto la jiko lile halikuwa la nchi hii, nilipika mahamri huku kanga imenishika mgongoni kwa jasho, lakini macho yangu yalikuwa makavu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nawe ukaweza kukaa nami jikoni. Ulitandika mkeka wako karibu na gunia la unga, ukawa unanisomea kitabu chako cha shule, na kila ulipofika neno gumu ulilipita ukidhani sijui. Nilikuwa najua. Nilifurahi sana miezi ile, hata sikujua kwamba furaha nayo huweza kumtia mtu uzembe.

Bi Karin alinikataza vitu viwili. "Kuni ya rangi, hapana. Kuni ya bahari, hapana kabisa." Nikamwitikia ndiyo, mama, kama unavyomwitikia mgeni anayekufundisha njia ya kwenu. Moyoni nilisema, huyu atanifundisha kuni, mimi? Mimi nimekulia kwenye mkoko. Mama yangu amepika harusi ngapi kwa mkoko! Kuna kuni inayoushinda? Unashika vizuri, haurushi cheche, na kaa lake linafika asubuhi. Kila mwanamke wa Likoni anajua hivyo, na kila mwanamke wa Likoni angefanya nilivyofanya. Bi Karin alipopanda ndege tu, nikarudi kwa wale wauza boriti kuchukua vipande vyao vya mkoko. Kisha jirani yetu mmoja akavunja mashua yake iliyooza, nikachukua na mbao zake.

Unakumbuka ule mwali? Ulikuwa wa buluu, pembeni kijani. Ulikuwa ukiniomba nifungue mlango wa jiko uutazame, nami nikaona ni baraka, moto wetu mzuri kuliko wa watu. Kumbe ni chumvi na rangi ya mashua. Mti unaosimama baharini umekunywa bahari, na chumvi ile ilipanda na moshi ikakaa kwenye sega, kidogo kidogo, mpaka ikaliziba roho. Sega la namna ile halivunjiki kwa kelele. Linaacha kufanya kazi polepole huku kila kitu kikionekana kilekile.

Na dalili zilikuwapo. Moshi ulianza kuonekana juu ya bomba, mweupe, wa kutosha kumfanya mtu aulize. Mimi sikutazama juu. Nilikuwa nimeshazoea kwamba jiko letu halitoi moshi, basi nikaamini halitoi. Juu ya hayo nikaleta desturi yetu ya kufukia moto usiku. Kwetu mtu hazimi moto, anaufunika majivu uamke nao. Nikawa nafunga tundu zote za hewa ili moto ulale mpaka alfajiri, na usiku kucha ulikuwa ukifuka ndani, ukilipaka bomba masizi mazito ya kung'aa kama lami. Nilijiona mwanamke mwenye hesabu, kuni zangu zinadumu.

Kisha yakaja masika. Siku ile mvua ilipiga tangu asubuhi, nikafunga mlango wa jikoni na kuteremsha gunia dirishani ili unga usilowe. Wewe ulikuwa kwenye mkeka ukifanya hesabu. Nikasukuma mkono kama kawaida, na moshi ukaanza kutoka pembeni mwa mlango wa jiko. Nikasema utapita. Ulipozidi, nikapunguza hewa, nikidhani moto ukipungua moshi nao utapungua. Ni kinyume, mwanangu. Moto unaonyimwa hewa ndio unaotoa moshi. Kadiri nilivyobana ndivyo ulivyozidi, na mimi nilikuwa nimekupa mgongo, nikipigana na chuma.

Hukuniita kwa sababu hukuweza. Nilisikia penseli ikianguka. Nilipogeuka ulikuwa umepiga magoti, mikono juu ya mapaja, mabega yanapanda na kushuka, na midomo imebadilika rangi.

Baba yako alikubeba mgongoni mpaka kivukoni. Feri ilikuwa ng'ambo. Nilizoea kuingoja feri tangu utoto wangu, lakini siku ile nilisema nayo kama ninavyosema na mtu, njoo, njoo, njoo, huku nimekushika miguu. Watu walitupisha. Mwenye mkokoteni mmoja akakukinga mvua kwa turubai lake mpaka tukafika upande wa pili, na hospitalini wakakupokea kwa haraka wakakupa hewa. Ulipona. Naliandika neno hilo upesi, kwa sababu hata leo nikilikumbuka jambo hili nakimbilia mwisho wake kabla sijafika katikati.

Niliporudi nilitaka jiko litupwe baharini. Baba yako akasema ngoja tulitazame kwanza. Akalifungua, tukaona sega limefanya ukoko mweupe. Basi nikaliosha. Unajua nililiosha kwa kitu gani? Kwa maji ya kisima chetu, yale yale ya chumvi, ambayo tukipikia wali hatuhitaji kutia nyingine. Likawa baya zaidi. Baba yako akalifunga kwenye kanga yangu kuukuu akalipeleka Bombolulu kwa fundi mmoja wa mikufu ya shaba, yule mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, kwa sababu alisikia ni bingwa wa kusafisha madini. Fundi aligeuza sega mkononi, akauliza tumelifanyia nini, akaambiwa. Akacheka sana.

"Sasa bwana, mwaosha chumvi kwa chumvi? Hii imepakwa madini, nayo yamekaa juu juu tu, mkisugua mmeyatoa. Mwambie mama alichemshe polepole kwa siki na maji ya mvua. Kisha alisuuze kwa maji ya mvua matupu, alianike kivulini. Asilipige brashi ya waya!"

Tulikinga maji ya bati, tukanunua siki, na mtaa mzima ukanusa achari mchana kutwa. Sega likafufuka. Halikurudi kuwa jipya, lakini lilikula moshi. Na mimi sijachoma tena kipande cha mkoko humo hadi leo, ingawa kila nikipita kwa wauza boriti mkono unaniwasha.

Hapo ungedhani mama yako ameshajifunza. Nilijifunza habari za jiko. Kwa upande wako nikafanya kosa lilelile kwa njia nyingine. Nikakukataza jikoni. Nikakukataza kukimbia, kucheza mvuani, kwenda na wenzako safari ya shule, kulala kwa bibi yako. Mwalimu wako alipotaka uimbe kwenye mashindano nilikwenda mwenyewe kumwambia kifua chako hakiwezi. Hukulia. Uliingia ndani ukalala ukiwa umetazama ukuta, na mimi nikaridhika kwa kuwa ulikuwa unapumua vizuri. Niliogopa, Mwanamisi. Niliogopa hata nikawa sikuoni wewe, naona kifua tu. Usidhani nageuza jiko kuwa mahubiri, lakini nilikubana hewa kwa nia ya kukuokoa, na nilikuwa nimeshaonyeshwa mara moja kwamba njia hiyo haifai.

Siku uliyovunja katazo langu nilikuwa nimekwenda sokoni. Nilirudi nikakuta jikoni kuna moto na wewe umesimama mbele yake na baba yako amekaa kando, mikono mifukoni, anajifanya hamnazo. Nilifungua kinywa nianze. Ukaniwahi.

"Mama, usije huku. Nenda nje utazame juu."

"Nitazame nini?"

"Juu ya bomba. Tazama."

Nikatoka, kikapu kichwani. Juu ya bomba hapakuwa na kitu. Hewa tu ilikuwa ikichezacheza kwa joto, na nyuma yake naona minazi ya jirani inatikisika kana kwamba imo ndani ya maji. Nikasimama pale mpaka shingo ikaniuma. Mimi nililitumia jiko lile kila siku na sikuwahi kutoka nje kulitazama. Wewe, niliyekufungia nje, ndiwe uliyejifunza kusimama nje ukaangalia. Nikarudi ndani nikakuuliza umefanyaje, ukanieleza kwa sauti ya mwalimu, na nadhani hiyo ndiyo siku niliyojua kazi utakayofanya, kabla yako wewe.

Kwa hiyo kukufundisha kuwasha ni kumfundisha samaki kuogelea. Nitasema tu mambo ambayo Likoni haikukufundisha, kwa kuwa hapa hatukuwahi kulala nalo chumba kimoja.

Huko kuni ni miwati na mikaratusi, na watu watakuletea mbichi wakiapa ni kavu. Usitazame gome, tazama kichwa cha gogo. Kikiwa na nyufa zinazotoka katikati, sawa. Gonganisha vipande viwili: kavu hulia, mbichi hunong'ona. Hata hivyo usijisifu na masikio yako. Ukifika tu, agiza za mwaka ujao, zipasuliwe, zipangwe juu ya mawe, juu ziwe na bati, pembeni ziwe wazi upepo upite. Kuni mbichi zitalijaza bomba masizi, na mvuke wake unaweza kulipasua sega likiwa moto. Mkoko hutauona kule, na kwa hilo namshukuru Mungu. Sasa jiko liko mahali ambapo bahari haiwezi kulifikia.

Uwe na subira asubuhi. Najua utaamka unatetemeka na utataka joto upesi. Acha mkono umevutwa, acha moto uwake kwa nguvu, utazame ile saa ya joto iliyo juu. Mshale ukivuka alama aliyoipiga baba yako, ndipo usukume. Ukisukuma mapema, moshi wa baridi utaliziba sega kwa masizi. Na kabla ya kufungua mlango kutia kuni, vuta mkono kwanza, ngoja kidogo, kisha ufungue taratibu. Hili usilisahau hata siku moja unayochelewa darasani, maana ukisahau, moshi wote utakutokea usoni, na hapo hakuna mtu wa kukubeba mgongoni. Naandika hivi bila kukutisha. Nataka uogope hilo moja, mengine yote uyafanye kwa raha.

Usiku usifukie moto. Nakuona ukicheka, lakini umeniona nikifanya miaka mingi na mkono wa mtoto huiga. Huko kwenye baridi utashawishika kuubana ulale nawe. Tia kuni kavu chache, uache hewa ya kutosha, na ukiamka moto umezimika, washa mwingine, kiberiti si dhahabu. Dirisha moja liwe na upenyo kidogo hata kama jirani atakuita mwendawazimu. Na jiko la makaa lisiingie chumbani kwako abadani, hata mwalimu mwenzako akikuletea kwa mapenzi. Makaa hayana moshi wa kukuamsha.

Kila unaposikia bomba linavuta kwa uzito, lisafishe. Majivu yatoe yakiwa yamepoa, uyatie kwenye debe lenye kifuniko, nje. Sega lipanguse kwa unyoya wa kuku tu. Kamba ya mlango ijaribu kwa karatasi: bana karatasi mlangoni, ivute, ikitoka bila ubishi basi kamba imechoka. Baba yako ameweka kamba mpya jana. Alijaribu kwa karatasi kila upande, akaniita na mimi nivute, akajaribu tena, mpaka nikamwambia, "Baba Mwanamisi, lori laondoka kesho ama walifanyia harusi?" Hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko kwa muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji, nikamwacha.

Kuna jambo hatukukwambia. Sega lililomo si lile la siki. Ni jipya. Bi Karin alilituma zamani kwa mkono wa mgeni wake, nasi tukaliweka juu ya kabati kwa siku ya haja. Kila mwaka nilisema bado, hili la zamani linatosha. Baba yako alikuwa akiuliza siku ya haja ni ipi. Jana alipolishusha na kupangusa vumbi la boksi, hakuuliza.

Sasa kikohozi changu. Najua ndicho kilichokufanya useme jiko ni langu. Nimekohoa masika yaliyopita, ni kweli, wala sitakudanganya kwamba ilikuwa pilipili. Lakini nilikwenda zahanati, daktari akanisikiliza mgongoni akaniambia mapafu hayana neno, nipunguze kuinamia moto. Nimepunguza. Mahamri ya kuuza nimemwachia mke wa kaka yako, mimi nampimia tu unga na kumgombeza. Chakula cha watu wawili wazee napika kwa jiko dogo la makaa, lile la bati lenye udongo ndani, uani, upepo unanipiga kila upande. Mwenye kuhitaji jiko linalokula moshi wake ni mtu anayelala nalo chumba kimoja. Nimelifikiri jambo hili kama mama, nikalifikiri tena kama mtu asiyekupenda, jibu likawa lilelile.

Shangazi yako nitamjibu siku nyingine. Nitamwambia kwamba niliwahi kukuweka karibu nami na ukakosa pumzi hatua chache kutoka mgongoni kwangu. Ukaribu haukukulinda. Kilichokulinda baadaye ni wewe mwenyewe kujua, na kutoka nje kutazama. Kule Kinangop kuna watoto wanaokungoja, wengine nao wanakohoa kwenye majiko ya mama zao, na mwalimu wao atakuwa mtu anayejua moshi ni nini. Mimi nina furaha na wewe mpaka nashindwa kukaa mahali pamoja. Nimeinuka mara nyingi tangu nianze barua hii. Nimefagia ua uliokwisha fagiwa.

Jua limeshuka, baba yako anasubiri bahasha. Hili la mwisho ndilo ninaloliomba, mengine yalikuwa maneno. Dukani kwetu huku, pale pembeni ya msikiti, pana simu, na namba unayo. Jumamosi yako ya kwanza huko, washa moto, ukolee, sukuma mkono, toka nje utazame. Ukiridhika, shuka mpaka penye simu unipigie baada ya alasiri. Nitakuwa nimekaa pale, na mwenye duka ameshaambiwa asimpe mtu mwingine. Usianze na habari za shule. Usiniamkie. Weka mdomo karibu, uvute pumzi polepole mpaka ndani, uitoe, nami nisikilize. Nikiisikia imepita bila kukwama, nitaitika marahaba.

Mama yako,
Likoni